Kabla ya kumwita mwenye kiwanda mgeni, watembelee walioko

Mwaka wangu wa kwanza katika kitengo cha uwekezaji cha wilaya mojawapo iliyo jirani na Kampala, Uganda, nilimpokea mgeni kutoka Nairobi aliyekuwa akitafuta mahali pa kujenga kiwanda cha mtindi na maziwa ya pakiti. Nilikuwa nimejiandaa vilivyo. Nilikuwa na ramani, vipeperushi vya rangi, na maelezo ya msamaha wa kodi niliyokuwa nimeyakariri usiku kucha. Alinisikiliza kwa adabu nusu saa nzima, kisha akasema, "Bwana, nashukuru. Sasa nipeleke kwa mtu yeyote hapa anayechemsha maziwa au kujaza chupa, nizungumze naye."

Nilimpeleka kwa meneja wa kiwanda cha juisi kando ya barabara ya Jinja. Ndiyo kwanza siku ile na mimi naingia katika lango lile, ingawa nilipita mbele yake kila asubuhi. Meneja alikuwa mtu wa Kisumu. Aliposikia Kiswahili cha mgeni alivuta viti, akaagiza chai, akaanza kueleza: umeme uliokatika mara nne katika wiki moja, barabara ya kuingilia ambako malori hunasa kwenye tope mvua ikinyesha, barua yake kuhusu majitaka iliyolala ofisini miezi saba bila jibu. Mgeni aliandika kila neno kwenye daftari lake. Aliagana nami vizuri, na hakurudi tena wilayani kwetu.

Nimekuwa katika kazi hii miaka tisa sasa. Vijana wanaoajiriwa katika ofisi kama yetu, iwe Kampala yenyewe, Wakiso, Mukono au Mpigi, huniuliza waanzie wapi. Huwaambia waanzie kwenye viwanda vilivyopo, kwa sababu mgeni mwenye akili atakwenda huko utake usitake. Mwenye pesa ya kujenga kiwanda cha chakula haamini kipeperushi. Humwamini mwenzake aliyekwisha kuunguza mota mbili.

Baada ya aibu ile nilijipangia kutembelea kiwanda kimoja kila wiki. Sikwenda kukagua, nilikwenda kuuliza. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini umeme wa kiwanda cha chakula si sawa na umeme wa kiwanda cha matofali. Chukua maziwa ya kudumu. Hupashwa moto hadi nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache tu, kisha hupozwa na kufungwa kwenye pakiti bila kuguswa na hewa chafu. Umeme ukiyumba hata kidogo, joto linashuka, na mtambo wote huhesabiwa kuwa umeingiwa na vijidudu. Lazima usimamishwe, mabomba yaoshwe kwa soda na asidi, yachemshwe upya, ndipo kazi ianze tena. Saa kadhaa zimepotea, na maziwa yaliyokuwa njiani yanasubiri kwenye tangi huku yakizidi kuchacha. Jenereta haiponyi jambo hili, maana madhara hutokea kabla haijawaka.

Uganda inazalisha umeme mwingi. Bwawa la Karuma peke yake ni megawati 600, na Isimba ni 183. Shida ya mwenye kiwanda iko kwenye kilomita ya mwisho, kuanzia kituo kidogo cha kupozea umeme hadi transfoma yake. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia, usimsomee takwimu za mabwawa. Jua laini gani inaingia katika eneo lako, inagawana na nani, na mara ngapi ilizimika mwezi uliopita. Mimi niliwaomba mameneja sita waandike kwenye karatasi kila umeme unapokatika: tarehe, saa, dakika ngapi. Baada ya miezi mitatu tulikuwa na kitu cha kuweka mezani kwa wahusika, na laini moja ikatenganishwa na ya makazi. Karatasi ile ilinifaa kuliko kongamano lolote nililowahi kuhudhuria.

Maji ni jambo zito zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie. Kutengeneza lita moja ya bia huchukua lita tatu hadi sita za maji, kutegemea uangalifu wa kiwanda, kwa sababu maji hayaishii kwenye chupa: yanaosha matangi, yanapoza, yanageuzwa mvuke. Soda ni karibu lita mbili. Tangu mtambo wa Katosi ulioko Mukono uanze kusukuma maji ya Ziwa Viktoria, wenye uwezo wa lita milioni 160 kwa siku, upande wa mashariki wa jiji umepata nafuu kubwa. Lakini kila lita inayoingia kiwandani na isitoke ndani ya chupa hutoka kwenye mfereji. Ina sukari, mabaki ya maziwa, hamira. Vitu hivi havina sumu mkononi, ila vikifika kwenye maji ya wazi, vijidudu vinavyovila humaliza oksijeni na samaki hufa.

Sasa tazama jiografia yetu. Mfereji wa Nakivubo unapitisha maji ya katikati ya Kampala hadi kwenye ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria, na ni ghuba hiyo hiyo ambako mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa. Tunakunywa tulichomwaga. Ndiyo maana nashikilia kwamba wilaya isimkaribishe mwenye kiwanda cha vinywaji kabla haijajua majitaka yake yatasafishwa wapi. Viwanda vidogo vitano haviwezi kila kimoja kujenga mabwawa yake ya kusafishia, lakini vitano kwa pamoja vinaweza kulipia mtambo mmoja ikiwa serikali itatenga ardhi na bomba. Mwekezaji makini hukimbia mahali pasipo na jibu la majitaka, kwa kuwa anajua siku moja mamlaka ya mazingira itakuja na kufuli. Anayesema halimhusu, muogope.

Jambo jingine nililojifunza kwa kuchelewa ni kwamba si kila kiwanda cha chakula ni cha jiji. Tani kumi za miwa hutoa takribani tani moja ya sukari. Nani atasafirisha tani tisa za makapi na maji hadi Kampala? Ndiyo maana sukari inatengenezwa Kakira na Lugazi, katikati ya mashamba. Vivyo hivyo kukamua matunda: Soroti walifunguliwa kiwanda chao cha matunda mwaka 2019, karibu na machungwa ya Teso, na hapo ndipo mahali pake. Upande wa pili, soda karibu yote ni maji. Kuibeba kutoka mbali ni kulipia dizeli ya kusafirisha maji kwa watu wenye bomba. Bia, soda, mkate, biskuti, juisi inayotengenezwa kwa rojo lililokamuliwa kwingine, hivyo ndivyo vya kwetu. Viwanda vya bia vya Luzira, karibu na bandari ya Port Bell, viko pale tangu miaka ya 1940 kwa sababu hiyo hiyo: ziwa mbele, wanywaji nyuma. Nilipoteza karibu mwaka mzima nikimfuatilia mtu wa kusindika miwa. Ningempa namba ya simu ya wenzangu wa Busoga, kule kwenye miwa ya Kakira, siku ya kwanza.

Hata kiwanda cha jiji kinahitaji mkulima, lakini kinamhitaji kwa utaratibu. Mfano mzuri kwangu ni bia ya Eagle ya Nile Breweries, iliyotoka mwaka 2002. Ilitengenezwa kwa mtama wa humu nchini, aina ya Epuripur, badala ya shayiri ya kuagiza. Serikali ikapunguza ushuru kwa bia ya malighafi ya nyumbani, na wakulima wakapata mnunuzi mwenye mkataba. Ule ulikuwa msamaha wa kodi wenye maana, umefungwa kwenye gunia la mkulima. Sisi tuna mananasi ya Kangulumira huko Kayunga, mwendo mfupi kutoka Mukono. Bado sijaona mwenye juisi anayeweza kuambiwa wiki hii atapata tani ngapi, zenye utamu gani.

Ubora ndio unaofungua au kufunga mpaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, na malori yakasimama Busia na Malaba. Kiwango cha juu cha sumu hiyo kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, kitu ambacho jicho halioni. Mwenye kiwanda cha unga au chakula cha watoto atakuuliza maabara iko wapi na majibu hutoka baada ya siku ngapi. Ujue jibu kwa siku, usimwambie "hivi karibuni".

Kuhusu ardhi nitasema kidogo tu, ingawa inavunja mioyo mingi. Hati ya mailo, yaani ardhi ya umiliki wa kudumu ya huku Buganda, ukiwa nayo mkononi haimaanishi shamba ni tupu. Niliwahi kumwonyesha mgeni ekari kumi zenye hati safi, na tulipofika tukakuta nyumba, migomba ya matoke, na mama mmoja mwenye kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, aliyeishi pale tangu kuolewa. Sheria inamlinda, na ni haki imlinde. Tangu hapo siendi na mgeni kabla sijaenda peke yangu kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kuketi na wenyeji.

Na usiwasahau wadogo. Dada zetu wanaotengeneza mtindi na juisi majumbani Kira na Nansana, mwingine amekosa tu chumba chenye vigae na alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa, ili aingie dukani. Taasisi ya utafiti wa viwanda pale Nakawa na kituo cha Chuo Kikuu cha Makerere huwafundisha na kuwapa mitambo ya kujaribia. Wapeleke huko mwenyewe, kwa gari la ofisi ikibidi.

Yule meneja wa Kisumu nilirudi kwake nikamwomba radhi. Ilinichukua miezi minne kupata jibu la barua yake, na mwaka mwingine barabara ile kuwekwa changarawe. Sikuahidi zaidi ya hapo. Tukazoea kunywa chai kila mwezi. Mwaka jana alinipigia simu yeye: kuna kijana anamuuzia mirija ya plastiki inayopulizwa kuwa chupa, analeta yote kwa lori kutoka Mombasa, anataka kuanza kuitengeneza hapa hapa. Nilipofika, meneja alikuwa amekwisha kumtembeza kila mahali, amemwonyesha transfoma, amempa zile karatasi za umeme. Kijana aliniuliza maswali mawili tu, bei ya maji na jina la mwenyekiti wa LC1. Kiwanja chake kiko nyuma ya ukuta wa kiwanda cha juisi, na mafundi wameanza kuchimba msingi.