Samoni wa Kuletwa na Samoni wa Mto: Maswali ya Wasomaji

Ninaishi Tacoma, jimbo la Washington. Kila mwaka vifaranga wa samoni humwagwa mitoni kwa mamilioni, na bado tunaambiwa samoni wa asili wanazidi kupungua. Inakuwaje?

Wanaoongezeka ni samaki wa kituo cha kutotolesha, yaani wanaoanguliwa na kulelewa na watu kabla ya kumwagwa mtoni. Samoni hutaga kwenye changarawe ya mto wa maji baridi, vifaranga wakakulia humo, wakashuka baharini kunenepa, kisha wakarudi kuzaa kwa kufuata harufu ya maji walikozaliwa. Kwa hiyo kila mto huwa na ukoo wake, uliozoea joto, mafuriko na vimelea vya hapo. Mtoni, katika kila mayai 100 ni machache tu yanayotoa samaki wa kufika baharini. Kituoni wengi hupona, wakiwemo wale ambao mto ungewaondoa mapema: wanaopanda juu ya maji kungoja chakula kirushwe na wasioogopa kivuli cha ndege. Hao nao hurudi wakiwa wakubwa, wakapandana na wenyeji, na udhaifu ukaingia kwenye ukoo.

Kipimo kinachotajwa sana kilifanyika Mto Hood, Oregon, kwa stilihedi, yaani trauti (jamaa wa samoni) anayekwenda baharini kama samoni. Kwa vinasaba, watafiti walitambua kila mtoto ana wazazi gani, na mwaka 2007 wakachapisha kuwa uwezo wa samaki kuacha watoto mtoni hushuka kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kinacholelewa kituoni. Ukianza na 100, kizazi cha kwanza unabaki na 60, cha pili 36. Na hao walikuwa wa mto huohuo.

Akiletwa wa mto mwingine, majira nayo hugongana. Washington ilisambaza kwa miongo mingi stilihedi wa Chambers Creek, waliochaguliwa kituoni hadi wakawa wanataga Desemba na Januari, ilhali wenyeji wengi hutaga kuanzia Machi. Ubaya wake uko kwenye hesabu ya joto. Yai la samoni wa Atlantiki, kwa mfano, huanguliwa likikusanya takriban nyuzi-siku 500: joto la maji mara idadi ya siku. Maji ya nyuzi 5 yanataka siku 100. Ya nyuzi 4, siku 125. Mzazi hutaga kwa tarehe iliyofaa kwao alikotoka, na kwenye mto wenye joto tofauti watoto wake huibuka kabla wadudu wa kuliwa hawajapatikana, au mafuriko yakiwa bado yanapita.

Kuna na jambo la uvuvi. Samaki wa kituo wakiwa tele, ruhusa ya kuvua hupanuliwa, na wavu haubagui. Hata bahari ina kikomo: vituo vinavyozunguka Pasifiki ya Kaskazini, kuanzia Japani na Urusi hadi Alaska, huachia takriban vifaranga bilioni 5 kila mwaka, na wote hugombea chakula kilekile na wa asili.

Basi wazazi wachukuliwe katika mto uleule. Shida itakuwa imekwisha? (Msomaji, Vancouver)

Itapungua, haitakwisha. Hasara ya Mto Hood inabaki, na juu yake kuna hesabu ya wazazi, ambayo watu wengi huiruka. Tuseme mto una wazazi wa asili 210, na kituo kikachukua 10, wakabaki 200 mtoni. Vifaranga wa wale 10 wakaishi vizuri kiasi cha kutoa nusu ya kizazi kijacho. Utaona samaki wengi, utafurahi. Sasa piga hesabu ya wazazi wenye athari: chukua mchango wa kila upande, uzidishe kwa wenyewe, gawa kwa idadi ya wazazi wake, jumlisha, kisha gawa 1 kwa jibu. Hapa nusu mara nusu ni 0.25, basi 0.25 gawa kwa 10, kuongeza 0.25 gawa kwa 200, sawa na 0.02625. Ukigawa 1 kwa hiyo unapata 38. Yaani kizazi kile kimebeba urithi wa kama wazazi 38, si 210. Mchango wa kituo ukiwa asilimia 10 tu, hesabu ileile inatoa 198. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye kituo ni la wazazi: ametumia wangapi, na watoto wao ni sehemu gani ya wanaorudi? Idadi ya vifaranga aliomwaga haikuambii kitu.

Wakati wa kukamua mayai, makosa ni yaleyale kila mahali. Wafanyakazi hujaza ndoo kwa samaki wa wiki za mwanzo, na baada ya vizazi vichache ukoo mzima unawahi kurudi. Wazazi wachukuliwe tangu wanapoanza kupanda mto hadi wa mwisho, kwa uwiano wa wanaofika. Kosa la pili ni kuchanganya manii ya madume kadhaa kwenye chombo kimoja kisha kuyamwagia mayai. Mbegu zenye kasi hushinda, na dume mmoja huweza kuwa baba wa wengi. Gawa mayai ya kila jike mafungu mawili au matatu, kila fungu lipate dume wake peke yake, changanya baada ya kurutubishwa. Usichague wakubwa tu.

Jopo la wanasayansi lililoundwa kwa agizo la Bunge la Marekani mwaka 2000 kukagua vituo liliweka mipaka kwa makundi ya samaki wa asili yanayopewa kipaumbele. Kituo chenye ukoo wake wa pekee kisichangie zaidi ya asilimia 5 ya wanaotaga mtoni. Kinachochukua wazazi wa asili kila mwaka kisizidi asilimia 30, na sehemu ya wazazi wa asili kituoni iwe angalau mara mbili ya sehemu ya samaki wa kituo mtoni. Kwa maoni yetu, asiyeweza kuhesabu samaki wanaorudi hana namna ya kufuata mipaka hiyo, na bora asianze.

Je, mto uliopoteza samoni wote? (Msomaji, London)

Mfano unao hapo hapo. Thames ilimwagiwa vifaranga wa kutoka nje kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa samoni waliokuja kukamatwa humo walitoka zaidi mito mingine ya kusini mwa Uingereza; waliingia wenyewe. Safisha maji, ondoa vizuizi, wa jirani watakuja. Na mto ambao bado una samaki nao hauhitaji kumwagiwa: mwaka 1974 jimbo la Montana, Marekani, liliacha kumwaga trauti kwenye mito yenye trauti wanaojizalisha, baada ya vipimo vya Mto Madison kuonyesha idadi inapanda pale umwagaji unapokoma.

Huku Norway tunaambiwa tukaushe vifaa vya kuvulia kabla ya kuhamia mto mwingine. Kwa nini?

Kwa sababu ya Gyrodactylus salaris, kimelea cha nusu milimita kilichoingia miaka ya 1970 pamoja na samoni wa vituo vya Sweden. Samoni wa Bahari ya Baltiki wengi wanakivumilia. Wa Norway hawakuwahi kukutana nacho. Kinazaa watoto hai walio tayari kuzaa, kwa hiyo kimoja kinatosha kuanzisha kundi, na kinavumilia maji ya chumvi kidogo, ndiyo maana kilihama mto hadi mto kupitia fiodi, yaani ghuba nyembamba ambamo mito huingia. Mito takriban 50 iliambukizwa.

Dawa kuu ni rotenoni, na huua samaki wote. Hutiwa kwenye mto mkuu, vijito, madimbwi na chemchemi za kando, kwa kawaida miaka miwili mfululizo, maana kifaranga mmoja aliyejificha anarudisha ugonjwa. Kisha ukoo wa mto unarudishwa kutoka benki ya jeni, yaani akiba ya mbegu na samaki wa mto huo iliyohifadhiwa. Mto usiokuwa na akiba hiyo umepoteza ukoo wake. Kausha wavu, buti na fimbo kabisa: kimelea hakivumilii ukavu.

Si yaleyale ya sangara wa Ziwa Victoria? (Msomaji, Mwanza)

Sangara ni habari nyingine: aliletwa miaka ya 1950 akala samaki wadogo wa ziwa, hakupandana nao. Anayefanana na samoni wa kituo ni sato, aliyeletwa zama hizohizo. Huzaliana na perege wa asili katika mito na maziwa kadhaa ya Tanzania, na ngege, perege wa asili wa Ziwa Victoria, amebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni. Ukifuga sato jirani na mto, funga wavu wa matundu madogo kuliko kifaranga kwenye bomba la kutolea maji, na usichimbe bwawa palipo na mafuriko.

Nitamjuaje samoni wa kituo nikimvua?

Tazama mgongoni karibu na mkia. Pezi dogo la nyama likiwa limekatwa, ni wa kituo. Likiwepo, huna uhakika: vituo vingine havikati, bali hubadilisha joto la maji samaki akiwa bado mchanga sana kituoni ili mistari ijiandike kwenye jiwe la sikio, na hilo husomwa kwa hadubini samaki akishakufa.