Figo ndizo zinazopimwa, si rangi

Umeuliza kama mzee wako, kwa kuwa ni mweusi, yuko hatarini zaidi kuumizwa figo na dawa ya picha ya mishipa, ile inayodungwa ili mishipa ionekane. Hapana, weusi wake si sababu. Kinachoangaliwa ni figo zilivyokuwa kabla ya sindano, kisukari, moyo dhaifu, upungufu wa maji na wingi wa dawa hiyo. Niko idara ya mionzi hapa Mwanza, swali letu la kwanza ni majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Hata Marekani, kanuni ya hesabu ya 2021 ya kukadiria kazi ya figo haina tena kigezo cha rangi. Akitoka Ukerewe asishinde na kiu kwenye kivuko, anywe maji isipokuwa daktari amemzuia. Kreatinini irudiwe siku 2 au 3 baada ya sindano, tafadhali msiharakishe kurudi kisiwani kabla ya hapo.