Kabla hujasema mchoro wa Kolo una maana gani

Nasomesha historia skuli moja ya kusini Unguja, na kila mwaka nawaonesha wanafunzi picha ya mchoro mashuhuri wa Kolo, uliochorwa na watu wa kale juu ya jabali, kule Kondoa, Tanzania bara. Maumbo membamba, marefu, mekundu, yamesimama safu moja. La katikati limeshikwa mikono kutoka pande mbili. Haipiti dakika utasikia, "Mwalimu, huyo pepo kampanda, wanamzuia asianguke." Mwengine atasema ni biharusi anapelekwa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona mwanamke anatekwa. Baadaye David Lewis-Williams wa Afrika Kusini, bingwa wa michoro ya Wasan, wale wawindaji wa asili wa kusini mwa Afrika, akaona watu waliopagawa katika ngoma ya tiba.

Mwalimu mwenzangu, au wewe unayetembeza wageni, nakusihi usianzie kwenye maana. Wape watu kalamu waandike kile jicho linachokiona tu: rangi gani, wako wangapi, mikono imeelekea wapi, kipi kimepita juu ya kipi. Akisema "mwanamke," muulize amemjulia wapi. Akisema "katekwa," akuoneshe kamba au silaha. Zoezi hili hula kipindi kizima na halina hasara, kwani hapo ndipo mabishano ya wasomi yanapoeleweka. Mistari wote wanaiona. Wanachogombania ni ushahidi ambao kila mmoja ameuleta kutoka kwengine.

Na sisi tunaleta wetu. Kilingeni, kwenye uganga wa pepo, mwele akipandwa, wenziwe humdaka mikono, kwa hiyo jibu la pepo linatujia haraka, na linakaribiana na la Lewis-Williams. Lakini kufanana peke yake hakuthibitishi kitu. Yeye aliegemea sana masimulizi ya Wasan wa kabila la Xam, yaliyoandikwa Cape Town miaka ya 1870 na Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd, maelfu ya kilomita kutoka Kondoa. Mimi nampa uzito zaidi anayeanza karibu. Wasandawe ni majirani wa milima ile, wana ngoma yao ya simbo ambayo mchezaji hupagawa akawa kama simba, na mtafiti Eric ten Raa aliwasikiliza wao wenyewe kabla ya kuandika juu ya michoro mwaka 1971. Hata hivyo, usiwabebeshe Wasandawe kila jiwe. Kuna michoro myeupe iliyopakwa juu ya ile myekundu, na myeupe kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya wakulima waliokuja nyuma.

Mtazamaji akiamua mapema, madhara yake si madogo. Milima ya Brandberg, Namibia, kuna umbo ambalo Henri Breuil, mtafiti wa Kifaransa, alilitangaza kuwa bibi mweupe mwenye asili ya Mediterania. Leo watafiti wanakubaliana kuwa ni mchoro wa Waafrika, na kwamba huyo "bibi" ni mwanamume. Mzanzibari hahitaji kuelezwa sana hapa. Miji yetu ya mawe nayo iliwahi kuandikwa kana kwamba ni kazi ya wageni, na wenyeji walikuwa watazamaji tu.

Ndiyo maana nasisitiza: ukifika Kolo, waulize watu wa pale kuhusu Mungomi, jabali wanalofanyia matambiko ya mvua hadi leo. Sisi tuliozoea kuona ubani na marashi kwenye pango la Kuumbi, Jambiani, tunajua namna ya kuingia mahali pa mwenyewe. Omba ruhusa, shika adabu, usikizie kabla hujapiga picha. Na mtu asikushawishi kurushia maji jiwe ili rangi ing'are. Baadhi ya wapiga picha walifanya hivyo zamani, na maji huacha chumvi juu ya mchoro. Subiri jua lisogee; mwanga ukibadilika huenda ukaona mistari ambayo adhuhuri huioni.