Mkeo hajakataa kuhama, amekataa ukungu wa nyumba ya kaka yako

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, mke wangu 29, mtoto wetu ana miaka 4. Tumepanga Uyole, Mbeya, vyumba viwili na sebule, 150,000 kwa mwezi. Mimi ni fundi wa milango na madirisha ya aluminiamu, kazi zangu ni za kuzunguka: wiki hii Tunduma, wiki ijayo Mafinga. Mke wangu ni fundi cherehani. Kodi ya mjini imenichosha, nikaamua tuhamie mji mdogo. Nimepata nyumba nzima Tukuyu, ya kaka yangu, kwa 70,000. Niliiona mwezi wa kumi: hewa safi, migomba mpaka dirishani, na baba na mama wako hatua chache tu, watamwona mjukuu wao. Mke wangu kagoma. Anasingizia kifua, ati pumu, mara wateja. Anasema kama ni kuhama basi Makambako, wakati kwao ni Mbozi na Makambako hana ndugu hata mmoja. Huko nasikia ni upepo tu na wanawake wa madereva. Mipango yote nimeshakamilisha, hakuna kurudi nyuma. Shangazi, mke asiyemfuata mumewe ni mke kweli? Nimfanyeje?*
*Baba Mmoja, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Kodi inauma, na mwanaume anayewaza kupunguza matumizi kabla ya kuongeza madeni hajapotea. Pole yangu imeishia hapo. Sasa tuisome barua yako, maana umeandika mengi kuliko ulivyokusudia.

"Mipango yote nimeshakamilisha." Kwa lugha ya wapangaji hiyo maana yake hela imeshatoka mfukoni. Kaka yako ameshapokea, sijui miezi 6 au mwaka, na mkeo hajui. Ndiyo maana una hasira. Mtu asiyelipa kitu hana haja ya kusema hakuna kurudi nyuma.

Halafu hiki kifua. "Anasingizia," umeandika, kama vile pumu ni kisingizio cha kukwepa kudeki. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe wiki hii uko Tunduma, ijayo Mafinga, na usiku anapokaa kitandani akitafuta pumzi haupo kuhesabu. Hebu nijibu: katika nyumba hiyo ya Tukuyu wewe utalala siku ngapi kwa mwezi? Nane? Kumi? Basi umemchagulia mwenzio nyumba ya kuishi na wewe umejichagulia ya kutembelea.

Tukuyu haina kosa, nisieleweke vibaya. Ndizi, maziwa, parachichi, mboga mwaka mzima. Hospitali ya Makandana iko hapo hapo mjini. Lakini ulikwenda mwezi wa kumi, mwezi ambao hata Tukuyu inajifanya Dodoma. Rudi Aprili. Hewa yenye unyevu inatoka Ziwa Nyasa, inapanda, inakutana na Mlima Rungwe, inamwaga maji yake papo hapo. Kwa mwaka mvua inapita milimita 2,000. Iringa mjini haifiki hata nusu ya hapo. Nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu. Viatu vya ngozi ukiviacha chini ya kitanda wiki mbili unavikuta vimeota manyoya ya kijani. Mtu mwenye kifua kizima anavipangusa na kuvaa. Mwenye pumu anavuta vumbi la ukungu huo usiku kucha, na kifua kinambana.

Na hiyo migomba mpaka dirishani uliyoisifia! Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mgomba ukiwa hatua moja na ukuta, jua haligusi ukuta, upepo haupiti, na kila tone la jani linaishia kwenye plasta. Wenye kujua nyumba za huko hukata migomba ikae hatua tatu nne kutoka ukutani, wanachimba mfereji kuzunguka nyumba, wanafunga gata. Nenda kaiangalie nyumba ya kaka yako kama fundi, acha kuiangalia kama mdogo mtu. Piga magoti kwenye kona ya chumba cha kulala, ile isiyofikiwa na mwanga, upapase ukuta kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Rangi ikiwa imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, au kuna unga mweupe wa chumvi unaobaki kidoleni, msingi haukutandikwa nailoni na unyevu unapanda kwenye matofali kama mafuta ya taa kwenye utambi. Rangi mpya haitibu hilo, inalificha mpaka masika. Kisha tazama dari: duara za rangi ya chai kwenye jipsamu ni mabati yanayovuja. Vuta kabati mbele, unuse nyuma yake.

Ukiyakuta hayo, nani atamwambia mwenye nyumba? Mkeo? Atamwambiaje shemeji yake kwamba nyumba yake inavuja, wakati anajua mnaishi kwa huruma ya 70,000? Hapo ndipo unafuu wa nyumba ya ndugu unapoishia. Mkataba hakuna, risiti hakuna, siku kaka yako atakapomwozesha kijana wake chumba kitahitajika, na ninyi mtatolewa kwa kikao cha ukoo, bila notisi. Wazazi nao hatua chache. Kama kwenu bado mnashika ile mila ya Kinyakyusa ya mkamwana kumkwepa baba mkwe, asikutane naye njiani, asimtazame usoni, basi umemtafutia binti wa Mbozi kazi ya kuchungulia mlangoni kila anapotaka kwenda bombani. Na mume yuko Mafinga anafunga madirisha.

Sasa tazama ramani, maana wewe ni mtu wa vipimo. Tunduma, Mbeya, Makambako, Mafinga, zote ziko kwenye barabara kuu ya TANZAM, ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia. Kazi zako zote ulizozitaja ziko kwenye barabara hiyo. Tukuyu iko kando, kama kilomita 70 kutoka Mbeya ukielekea Malawi, na kila ukiitwa kazini lazima kwanza upande mpaka Uyole, hapo hapo unapotaka kuhama. Makambako ni njia panda: mkono mmoja Mbeya, mwingine Iringa, mwingine Njombe mpaka Songea, na treni ya TAZARA inapita. Mafinga utaikuta mbele tu. Mwanamke ambaye unasema anasingizia amechagua mji ulio katikati ya kazi zako. Angekuwa anakimbilia kwao angesema Vwawa au Mlowo. Aliyekimbilia kwao ni wewe.

Wateja je? Barua nzima umetaja kodi ya zamani na kodi mpya, mapato ya mkeo hukuyagusa. Nahisi sababu. Fundi cherehani wa Uyole aliyezoeleka ana sare za shule Januari, ana vitenge vya harusi, ana marekebisho ya kila siku yanayonunua unga. Ningependa kujua ile 150,000 nusu yake hutoka wapi mwezi ambao wenye majengo hawajakulipa. Ukihama naye, hesabu miezi 3 hadi 6 ya kukaa bila wateja wa kudumu popote mtakapokwenda. Kwa hiyo chukua ile 80,000 unayodhani utaokoa kwa mwezi, toa nauli zako za kupanda na kushuka, toa kodi ya fremu mpya, toa kile asichoingiza. Andika kwenye karatasi, mbele yake. Ikibaki 20,000 nitashangaa.

Mmenichosha ninyi vijana kwa hili neno "kumfuata mume". Bibi zenu walimfuata mume, kweli, na walikuta nini? Walikuta shamba lenye mipaka, ghala la mahindi, mama mkwe aliyewapokea na kuwafundisha. Mke alihamia mahali palipo na kitu. Siku hizi mtu anamwambia mwenzie nifuate, na anachomwonyesha ni mkataba wa miezi 6 ulioandikwa na dalali, wakati mwingine hata huo hakuna. Mkipanga nyinyi wawili, mnachagua nyinyi wawili. Na wake nao wa sasa wana yao: wapo wasiotaka kuhama kwa sababu tu picha za mtaa mpya hazitapendeza kwenye simu. Mkeo hayumo humo. Yeye amesema tuhame, na akataja mji.

Kuhusu wanawake wa madereva, nyamaza. Fundi anayelala gesti Tunduma siku tano asiwaseme madereva.

Ila nisiipake Makambako asali. Upepo wake si hadithi, na kiangazi unabeba vumbi. Juni mpaka Agosti baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kwa mwenye pumu, nyumba ya pembezoni mwa barabara kuu haifai: moshi wa malori yanayopanda gia. Tafuteni mtaa wa ndani, nyumba iliyokingwa na miti au na nyumba nyingine. Tazama miti ya eneo imelalia upande gani, hapo utajua upepo unatokea wapi. Dirisha la chumba cha kulala liangalie upande mwingine. Madirisha unayajua wewe kuliko mimi, kazibe nyufa kwa silikoni na uweke raba chini ya mlango. Na jiko la mkaa lisilale ndani. Huku Nyanda za Juu watu wanaingiza jiko chumbani wapate joto, wanafunga kila tundu, asubuhi hawaamki. Ile hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Blanketi mbili na soksi.

Mafinga nayo ingekufaa kwa kazi, wanajenga sana, lakini kuna viwanda vya mbao na vumbi la mbao ni adui wa kifua. Njombe ni baridi zaidi. Tunduma maji ni shida na usiku hakuna kulala. Kyela joto, mafuriko, malaria. Mbalizi ni Mbeya ile ile kwa jina jingine, japo kama sababu yako ni kodi peke yake, kaulizie huko kwanza. Mkeo hatapoteza wateja wote.

Mkikubaliana Makambako, nendeni wote wawili, mlale usiku mbili, siku ya kazi. Saa 11 alfajiri zunguka mtaani. Ukikuta madumu ya njano yamepangwa mstari kwenye bomba, yamefungwa kamba moja, mwenyewe hayupo, jua foleni hiyo ni ya tangu jana. Muulize mama muuza maandazi maji hutoka siku ngapi kwa wiki, usimuulize dalali. Dalali atataka hela ya kukutembeza na kodi ya mwezi mmoja. Hiyo ya mwezi mpe ukishashika ufunguo. Omba namba ya mita, ununue umeme wa 2,000 kabla hujalipa kodi: makato yakiwa makubwa, uliza kama kuna deni la aliyetangulia. Mita iwe yenu peke yenu. Mkichangia wapangaji watatu mtapita uniti 75 kwa mwezi, mtatolewa kwenye bei ya matumizi madogo, na cherehani lenye mota ndilo litakalolaumiwa kila siku. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba. Iandikwe kwamba inafidiwa kwenye pango.

Mkataba uwe wa miezi 3, akikataa basi 6, mwaka usikubali. Uandike kodi, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ya miezi mingapi, nani anatengeneza bati likivuja, namba ya mita, idadi ya funguo, na mwenyekiti wa mtaa asaini. Piga picha kila ukuta siku ya kuingia. Kuhama kwenyewe kusubiri Februari, sare za shule zikishaisha kushonwa, na mtoto muwe mmeshampatia shule ya awali. Kichwa cha cherehani kifunguliwe na kufungwa kwenye blanketi, kisipakiwe wima kwenye kenta.

Hela iliyoko kwa kaka yako: mwombe airudishe. Atasema ameshanunulia saruji. Kubali kidogo kidogo, au nyumba impate mpangaji mwingine ndipo akulipe. Ikipotea, imepotea, usimhatarishie mtu kifua ili kuokoa 420,000, kama ulilipa miezi 6. Na mkeo umwambie leo usiku, kabla hajasikia kwa shemeji yake. Usianze na "nilikuwa nataka kukushtukiza". Taja kiasi, taja tarehe, kisha unyamaze, umsikilize.

Kisha mkifika kwenye nyumba ya Makambako, mwache yeye aingie chumba cha kulala kwanza. Afunge mlango na dirisha, akae humo dakika 10. Wewe subiri nje na mtoto. Akitoka anakohoa, mshukuruni mwenye nyumba, muulizie nyingine.