Kabla hujanunua skana ya gari, fungua boneti kwanza

Wadau habari zenu. Hii naiandika kwa wenye gari za zamani, hasa Toyota za kutoka Japani za miaka ya 90, maana kila nikikaa kijiweni hapa Ngamiani, Tanga, nakuta mtu kanunua kile kiskana kidogo cha bluutuu cha kusomea hitilafu za injini kwenye simu, kakichomeka hakisomi kitu, na watu wameshaanza kumwambia kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Jamani msikubali haraka hivyo.

Mimi nina Corolla 110 ya 1997. Ilianza kunisumbua asubuhi, unapiga stata mpaka betri inachoka ndo inawaka, ikishapata moto haina shida kabisa, naenda nayo Muheza narudi, ila taa ya chekiinjini inawaka leo kesho haipo. Fundi wa kwanza akasema pampu ya mafuta. Hela ya pampu sikuwa nayo, nikaona bora ninunue skana nijue ukweli mwenyewe.

Chini ya usukani kuna soketi ya pini 16, nikachomeka, taa ya skana ikawaka, simu ikaishika kwa ile namba ya siri 1234, apu ikaanza kutafuta, inatafuta weee mwisho inasema imeshindwa kuipata kontroboksi. Nikabadilisha apu, nikaazima simu ya mdogo wangu, wapi. Siku mbili nzima zimeenda hivyo.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba taa ya skana kuwaka maana yake umeme umefika, basi. Pini ya 16 inatoa moto wa betri moja kwa moja na pini ya 4 na 5 ni hasi, hizo hazihusiani na mazungumzo yenyewe. Ule mfumo wa OBD2, yaani lugha ya pamoja ambayo skana hizi zinatumia kuongea na gari, ulilazimishwa Marekani kwa gari za kuanzia 1996, Ulaya gari za petroli zikafuata 2001, sasa gari iliyotengenezwa iuzwe Japani kwenyewe kipindi hicho haikubanwa na sheria hizo, kwa hiyo unaweza kukuta soketi ni ile ile lakini lugha ya ndani ni nyingine. Kuna zinazoongea kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde wakati skana inasubiri 10400, na kwenye apu kama Torque kuna sehemu ya kuandika amri za kuanzia, unaweka ATIB96 na nyingine zake, baadhi ya gari zinafunguka. Yangu ilikataa hata hapo.

Aliyenitoa ni mzee mmoja jirani, fundi wa zamani. Nimemsalimia shikamoo akaniuliza, "Mwanangu, hiyo gari ina kisanduku cheusi kwenye boneti kimeandikwa DIAGNOSTIC, umekifungua?" Nikamwambia bado mzee. Akaniambia kalete kipande cha waya.

Ndani ya mfuniko wa kile kisanduku kuna ramani ya matundu. Unatafuta TE1 na E1, unayaunganisha kwa waya mfupi, swichi ukiwa umezima. Hapa naomba muwe makini sana, soma ramani mara mbili, kwa sababu humo humo kuna tundu la +B lenye moto wa betri, ukilikutanisha na E1, ambayo ni hasi, umepiga shoti. Halafu zima AC na taa, gia iwe P au N, usikanyage mafuta, fungua swichi bila kuwasha injini, uangalie taa ya chekiinjini kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka haraka bila kusimama, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Kama ipo utaona inapepesa, inatulia kidogo, inapepesa tena, na wewe unahesabu. Yangu ilipiga mbili, ikatulia, ikapiga mbili. Namba 22, sensa ya joto la maji ya kupozea injini.

Na hapa ndo watu wengi wanapoteza hela, wanakimbilia dukani kununua sensa mpya. Namba inakuonyesha njia yenye shida, haisemi kifaa gani kimekufa, inaweza kuwa sensa, waya, au soketi yake. Mzee akachomoa soketi ya sensa, ndani pini zimeota ukungu wa kijani, na sisi huku upepo wa chumvi unatupiga mwaka mzima, gari yangu inalala nje. Tukapima sensa kwa mita ikiwa ya baridi ikasoma kilo-omu 2 na kitu, ya moto inatakiwa ishuke chini ya nusu kilo-omu, na ikashuka. Sensa nzima! Kumbe mawasiliano yakikatika kontroboksi inajifanya maji yana nyuzi 80, inainyima injini mafuta ya ziada ya asubuhi, ndo maana ilikuwa haiwaki ikiwa ya baridi.

Tukasugua pini, tukapuliza dawa ya kusafishia umeme, tukabana soketi vizuri. Kufuta namba unazima swichi unachomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, ile ya mfumo wa mafuta wa injini, mimi niliiacha nje kama dakika moja, ukirudisha unapima upya uone kama imejirudia. Haijajirudia.

Skana sijaiuza. Vitz ya shemeji ya 2006 iliisoma palepale. Kama bado hujanunua, mwambie muuzaji ajaribu kwenye gari yako ndo utoe hela, na kama unatumia iPhone zile za bluutuu za kawaida hazikubali, tafuta ya waifai. Na ukimaliza kusoma ichomoe, ile pini ya 16 ina moto hata swichi ikiwa imezimwa, ukiiacha gari imelala siku kadhaa betri inakwenda.