Uliza Mwindaji: Nafika alfajiri, nakuta mtu kakaa kwenye dungu langu

SWALI: Habari kaka. Mi nawinda kwenye pori la umma, leseni ninayo, kila kitu safi. Wiki 3 kabla ya msimu nilizunguka nikapata mti ambao madume wanasugulia pembe mpaka gome limebanduka, nikafunga dungu langu, kile kiti cha kuvizia juu ya mti, jirani yake. Siku ya kwanza ya msimu nafika saa 10 alfajiri, namulika tochi juu naona buti mbili zinaning'inia. Jamaa ananiambia pori la wote bwana. Hasira zikanipanda, nikakaa mita kama 80 hivi nikawa nakohoa makusudi ili na yeye akose. Tukatoka wote mikono mitupu. Nani alikuwa na haki? Halafu msimu uliopita nilimpiga dume, nikiwa nafuata damu nasikia mlio wa bunduki mbele, kufika namkuta mtu keshaanza kumchuna. Hiyo nayo imekaaje?

Mwenye Dungu

JIBU: Pole sana ndugu yangu, japo hapo kwenye kukohoa nimecheka.

Dungu ni lako, mti sio wako. Kwenye mapori mengi ya umma kuacha dungu hakukupi nafasi, na kuna sehemu unatakiwa ulishushe kila jioni au uliandike jina, kwahiyo soma masharti ya pori lako kwanza. Jamaa kosa lake ni kupanda kwenye mali yako bila ruhusa, lakini angekaa chini kwenye shina la mti huohuo saa 9 usiku usingekuwa na la kumwambia, maana aliyewahi asubuhi hiyo ndio amewahi. Na wewe kukohoa umeharibu. Marekani majimbo yote 50 yana sheria ya kukataza mtu kuvuruga uwindaji halali wa mwenzie, zilitungwa hasa kwa ajili ya wanaopinga uwindaji ila hata mwindaji anaweza kubanwa nazo.

Usichukulie poa hizi kelele za dungu. Mwaka 2004 kule jimbo la Wisconsin, Marekani, mtu alikutwa kwenye dungu lisilo lake, lile lilikuwa shamba la watu binafsi sio la umma, maneno yakaanza, mpaka inaisha watu 6 wamekufa. Watu wenye bunduki begani hawagombani kama watu wa kijiweni. Ukitaka kuongea na mtu toa risasi kwenye chemba, mtutu uelekee chini, ndio ufungue mdomo. Na ukiwa umekaa ukaona mtu anakuja upande wako usimpungie mkono wala usipige mluzi, ita kwa sauti ya mtu kabisa ili asikuone kama kitu kinachotikisika kichakani.

Mimi siku kama ile ningemuuliza tu, "kaka unaangalia upande gani?", halafu niondoke na upepo nisije nikapeleka harufu yangu mbele yake. Niwe na sehemu ya pili na ya tatu kichwani tangu nyumbani. Tena nikwambie siri, watu wengi hawawezi kukaa, ikifika saa 4 asubuhi njaa na baridi vinawashusha wanaanza kutembea kurudi kwenye magari, na wakitembea wanakusogezea wanyama. Tafuta kichaka kizito kati ya dungu na barabara ukae hapo utulie, yani yule jamaa angekufanyia kazi bure!

Sasa la damu. Huu ugomvi ni wa zamani kuliko bunduki yako. Mwaka 1805 mahakama ya New York iliamua kesi ya mbweha, mmoja alikuwa anamfukuza na mbwa kwenye ardhi isiyo na mwenyewe, mwingine akajitokeza akamuua akaondoka naye. Wakasema kufukuza tu hakutoshi, lazima uwe umemkamata au umemjeruhi kiasi kwamba hawezi tena kuponyoka. Ikaja ya nyangumi mwaka 1881, kapigwa baharini akazama, akaja kuonekana ufukweni mbali huko na mtu mwingine akamuuza, lakini aliyempiga akashinda kwa sababu desturi ya wavuvi wenyewe ilikuwa hivyo.

Wawindaji wengi mpaka leo wanakwenda hivyohivyo, aliyepiga jeraha la kuua kwanza ndio mwenye mnyama. Kwahiyo kabla ya kupayuka rudini kwenye damu yako. Ikiwa ya pinki yenye povu, hilo ni pafu, huyo alikuwa anakufa tu na ni wako. Nyeusi nyeusi mara nyingi ni ini, wako pia. Ila kama ni matone mawili matatu yanakatika na mnyama alikuwa bado anakimbia vizuri, huenda ulimgusa mguu tu, mwenzio ndio kamuua, mpe mkono umsaidie kubeba.

Dungu umeshalishusha au bado liko juu? Kama bado, kagua mikanda kabla hujapanda, huwezi kujua yule bwana aliigusa vipi.