Mafuta ya kurudi: kwa madereva wadogo zangu mnaoanza kupeleka wageni Kalahari

Nawaandikia nyie madereva wa Mbeya, Iringa, Makambako mpaka Tunduma ambao mmeanza kupata kazi za kupeleka wageni Botswana, maana naona siku hizi mgeni akishamaliza Ruaha anataka aendelee kwa gari mpaka Kalahari, na mwenye kampuni anachukua kijana yeyote mwenye leseni na pasipoti, anamkabidhi mkonga, yaani Land Cruiser, anamwambia haya nenda. Kijana ni dereva mzuri, Kitonga anashuka hana wasiwasi, njia ya Zambia anaijua, ila jangwa hajawahi kuingia na hakuna mtu aliyekaa naye chini wakapiga hesabu ya mafuta kwa kalamu. Na hesabu yenyewe wala sio ngumu, kinachotusumbua watu wa huku ni mazoea.

Mazoea yenyewe ni lile neno "naongezea mbele". Mbeya mpaka Tunduma sheli kibao, ukivuka Nakonde unaenda kama kilomita 1,000 mpaka Lusaka lakini humo katikati kuna Isoka, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, kote utapata dizeli. Kutoka Lusaka unashuka Livingstone, unavuka daraja la Kazungula lile lililofunguliwa 2021, Nata, Maun, lami tupu. Sasa mtu akishaendesha zaidi ya kilomita 2,000 bila kuwaza mafuta hata siku moja, akifika Maun kichwa kinakuwa bado kiko kwenye lami, anajaza tanki, anaangalia ramani, anaona ni kilomita 600 tu kukatiza hifadhi kutokea Ghanzi, anasema mafuta yanatosha na yanabaki. Hapo ndo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Hifadhi ya Central Kalahari ina kilomita za mraba kama 52,800, zaidi ya mara mbili ya Ruaha yetu, na ndani hakuna sheli, hakuna duka, maji ya kunywa hakuna na simu haishiki. Upande wa mashariki mji wa mwisho ni Rakops, ukitoka hapo ni kama kilomita 45 mpaka geti la Matswere. Rakops kuna sheli lakini ichukulie kama haipo, ukikuta mafuta shukuru Mungu, usisubiri kuyakosa ndo uanze kupanga. Mafuta ya uhakika ni Maun upande mmoja na Ghanzi upande mwingine.

Sasa hesabu. Nachukua mkonga wa injini ya 1HZ, ule mrefu wenye matanki mawili ya lita 90, jumla lita 180. Kwenye lami ukiwa na mzigo weka lita 13 kwa kilomita 100, na kwenye mchanga weka 20, mchanga mzito unaweza kula hata zaidi ya hapo maana unatembea gia namba mbili, fowili imefungwa, kilomita 25 kwa saa na injini inalia muda wote. Watu wengi wanafanya hesabu ya kupita, yaani Maun, Rakops, Xade ambayo ni kambi ya upande wa magharibi wa hifadhi, Ghanzi basi. Mimi nataka ufanye hesabu ya kurudi. Jiulize hivi, pale mbali kabisa nitakapofika, nikakuta njia ya mbele imejaa maji au kuna moto wa nyika, nina mafuta ya kunirudisha nilikotoka?

Tuipige. Maun mpaka Rakops kama kilomita 200 za lami, lita 26. Rakops mpaka Xade kwa kupitia bonde la Deception na Piper Pan humohumo hifadhini kama 235, na hapo ongeza kilomita 150 za kuzunguka na wageni kutafuta simba, maana mgeni hakulipa pesa yake kuja kukaa kambini, hizo jumla 385 za mchanga, lita 77. Umefika Xade njia imefungwa, unarudi 235, lita 47. Rakops mafuta hamna, unaendelea mpaka Maun, lita 26 tena. Jumla lita 176. Tanki lako ni 180 na chini ya tanki kuna lita kadhaa ambazo injini haizivuti, kwahiyo kwa hesabu hii tayari uko mkavu. Juu ya hiyo 176 weka robo yake, lita 44, inakuja 220. Kwahiyo unaondoka Maun na matanki yote mawili fulu pamoja na madumu mawili ya chuma ya lita 20. Ambaye alifanya hesabu ya kupita aliona kilomita 600 kwa lita 13 ni lita 78, akaona hata tanki moja linamtosha. Tofauti ya hizo hesabu mbili ndo maisha ya wageni na ya kwako mwenyewe, siongezi chumvi.

Hizo namba za 13 na 20 msizichukue kama za kwenu, kila gari lina ulaji wake na ni lazima uupime. Na kupima sio kuangalia geji, geji ya mkonga inakudanganya ukiwa kwenye mlima tu. Nenda sheli, jaza mpaka mafuta yaonekane mdomoni, subiri povu lishuke, ongeza tena, andika kilomita. Safari ikiisha rudi sheli ileile pampu ileile, gari lisimame palepale, jaza vilevile, lita zilizoingia ndo ulizotumia. Pima ukiwa na mzigo kamili, sio gari tupu. Halafu usipimie Mbeya mjini peke yake, mjini kwetu ni juu ya mita 1,600 na milima yake, na 1HZ haina tabo kwahiyo inakosa hewa, moshi unatoka, ulaji unakuwa wa ajabu. Teremkeni bonde la Ziwa Rukwa, kule ni kama mita 800, joto lipo, na kwenye makorongo yaliyokauka kiangazi mchanga upo wa kutosha. Siku nzima kule na gari lenye mzigo inakufundisha kuliko mwezi mzima wa kuhadithiwa na madereva wa malori, na nawaheshimu sana madereva wa malori.

Usafi wa mafuta nao. Huku tunajua kuchakachua, tumeshaona dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa, tumeshaona ya madumu ya vijijini ina maji chini. Pampu ya 1HZ ni ngumu lakini maji na mchanga haivumilii. Beba filta mbili za dizeli na ujue kubadilisha mwenyewe gizani, kisha kutoa hewa kwa ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka uisikie imekuwa ngumu. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi simama, fungua koki ya chini ya filta, kinga na chupa ya plastiki ya maji uone mwenyewe, maji yanakaa chini dizeli inakaa juu, usifunge mpaka itoke dizeli tupu.

Na kumimina mafuta jangwani kuna namna yake. Gari limesimama, unaliweka ubavu wa tanki upande usio na upepo. Kabla hujafungua mfuniko wa tanki chukua kitambaa kikavu futa pale kuzunguka mdomo, maana vumbi la siku nzima limekaa pale kwenye ukingo na ukifungua tu linaingia ndani. Dumu nalo lifute mdomo. Fungua taratibu, litapumua pshhh, sababu ni joto. Hapohapo niseme, dumu la lita 20 usilijaze mpaka juu, dizeli inatanuka, ukilijaza asubuhi kwenye baridi halafu mchana likapata nyuzi 25 zaidi, zile lita 20 zinaongezeka karibu nusu lita, na hiyo lazima itafute pa kutokea. Funeli iwe na wavu. Dumu la kwanza mimina mara tanki likiwa na nafasi, usisubiri tanki likauke, maana dumu likitoboka mafuta yaliyo kwenye tanki yako salama na ya kwenye dumu yameshaenda na mchanga. Dumu la dizeli juu ya keria linabebeka likifungwa vizuri ila madumu ya petroli juu ya kichwa cha watu mimi sitaki kuyaona, na ndani ya gari na abiria usiweke mafuta ya aina yoyote.

Uzito unasahaulika. Lita 220 za dizeli ni kama kilo 185. Maji, mimi nahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku ya kunywa na kupikia tu, watu wanne, siku nne za safari na siku tatu za dharura, lita 140, kilo 140 hizo. Hapo bado hema, chakula, spea mbili na wageni wenyewe. Uzito ukizidi mchanga unakumeza zaidi, ukimezwa unakula mafuta zaidi, kwahiyo ukibeba vitu vya hovyo umebeba na mafuta ya kuvibebea. Viti vya ziada na makreti ya soda acheni Maun. Maji tu msipunguze, na msiyaweke kwenye chombo kimoja, gawa kwenye madumu manne matano, moja likipasuka mnabaki na mengine.

Upepo wa tairi ndo unaoamua ule ulaji wa 20 uwe 20 au uwe 28. Kwenye lami unatembea na psi 35 au zaidi kutegemea mzigo, ukifika geti shusha mpaka 18 au 20, tairi inalala na kuwa ndefu, inaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Chini ya 15 tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Ukishashusha usizidi 40 kwa saa. Na kompresa ya kujazia tena ni lazima iwepo, ijaribu ukiwa Mbeya, sio kule. Tembea asubuhi na mapema, mchanga ukiwa na baridi umeshikana, saa nane mchana ni kama unga. Ukianza kukwama usikanyage mafuta, tairi ikizunguka mara tatu imeshajichimbia kaburi, simama, rudi nyuma kwenye alama zako zilezile, ikishindikana chukua beleshi. Jeki iwe na ubao wa kuwekea chini. Mkanda wa kuvutana ufungwe kwenye ndoano za chasisi, kamwe usifunge kwenye ile bolu ya kuvutia trela, ikikatika inaruka kama risasi na watu wamekufa hivyo.

Jambo ambalo wa huku hatulijui ni majani. Kalahari sio mchanga mtupu, baada ya mvua majani yanasimama katikati ya njia urefu wa boneti, mbegu zake zinaingia kwenye rejeta zinaziba, gari linachemka. Funga wavu mbele ya rejeta, na kila saa simama uufute. Mbaya zaidi yale makavu yanajikusanya chini, juu ya bomba la ekzosi na pembeni ya propela shafti, yanashika moto na gari linaungua lote. Kwahiyo kila unaposimama lala chini uangalie, ingiza mkono na glovu utoe, na kizimamoto kiwe karibu na kiti chako wala sio chini ya mizigo. Usipaki gari la moto juu ya majani makavu. Kati ya Desemba na Machi vile viwanja vya udongo vinavyoitwa pan vikinyeshewa vinakuwa tope kama la Usangu, vizunguke, usikatize hata kama juu panaonekana pamekauka.

Mambo ya mpakani nayapitia haraka, bima ya kadi ya njano inakufikisha Zambia, Botswana unanunua ya kwao mpakani, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano tembea nayo. Nyama mbichi msinunue nyingi, Botswana ina vizuizi vya mifugo barabarani na wanaichukua. Kambi za ndani ya hifadhi zinalipiwa kabla.

Gari moja peke yake mimi siwashauri, na kama bosi anakulazimisha uende peke yako basi akupe simu ya setilaiti, na hilo liseme kabla hujapokea funguo, kwa heshima lakini kwa msimamo, "Bosi, bila simu ile siwezi kuwaingiza wageni kule." Acha karatasi kwa mtu Maun na kwa mtu Mbeya, imeandikwa njia utakayopita, siku ya kutokea Ghanzi, na saa ambayo ikipita bila wewe kupiga simu waanze kukutafuta. Gari likifa usiondoke kwa miguu. Simba wapo, jua lipo, na anayetafuta kwa ndege anaona gari, mtu hamuoni. Kaa kivulini, maji unayo ya siku saba, ndo maana tuliyabeba.

Ukishatokea upande wa Ghanzi jaza upepo kwanza kabla ya lami, halafu nenda sheli ujaze fulu uandike lita zilizoingia na kilomita ulizotembea, pamoja na yale madumu kama uliyamimina. Ikitoka zaidi ya 22 kwa 100 usiseme ni mchanga ukaishia hapo, kagua breki kama zinashika, kagua filta ya hewa ina vumbi kiasi gani, nozeli zipimwe ukirudi Mbeya. Halafu daftari hilo usikae nalo peke yako, mpe na dereva mwenzako anayetoka wiki ijayo.